Umeme umefika, muuza petroli ya jerikani aende wapi?

Mwaka 2024 West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa. Aliyeishi Arua zamani anajua uzito wa jambo hilo. WENRECO, iliyokabidhiwa kazi ya umeme mwaka 2003, ilianza na jenereta ya mafuta mazito ya megawati 1.5. Hata baada ya kituo cha Nyagak, kule Zombo, kuanza kuzalisha megawati 3.5 kwa maji mwaka 2012, giza halikutuhama. Umeme huu ni neema, nami simo katika wanaoulalamikia.

Lakini giza nalo lilikuwa na watu wake: muuza petroli kando ya barabara, fundi wa jenereta, kijana wa kibanda cha kuchaji simu.

Nianze na muuza petroli, maana historia yake ni yetu sote tuliorudi. Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, watu wetu walikimbilia Zaire na Sudan. Huko vijana wengi walijifunza biashara ya mafuta, na waliporejea miaka ya 1980, mikono mitupu, wakaendelea nayo: jerikani, baiskeli na njia za panya kutoka upande wa Kongo. Mji ukawabandika jina, vijana wa OPEC. Ilikuwa magendo, hilo halina ubishi, na serikali ilikosa kodi yake. Lakini ilisomesha watoto. Nao wanasiasa, tusisahau, hawakuona haya kuwabembeleza wakati wa kura.

Leo Kampala zipo pikipiki za umeme, na siku zitakapozagaa hapa, huyu mchuuzi hatakuwa na mteja. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unataka wafanyakazi watendewe haki nchi zinapohama kwenye nishati chafu. Afrika Kusini ilipozima kituo cha makaa ya mawe cha Komati, Oktoba 2022, angalau wenye ajira pale walikuwa kwenye orodha ya mishahara. Muuza chupa wa Ajia au Koboko yumo kwenye orodha ya nani?

Tumekwisha kuonja kosa hili kwenye mkaa. Mei 2023 Rais alipiga marufuku uchomaji mkaa wa biashara kaskazini. Miti yetu ilikuwa inaisha, amri ilikuwa na sababu. Ila mama anayeishi kwa gunia la mkaa huwezi kumwambia aache leo, halafu ukamtafutia kazi mwakani.

Kwa maoni yangu, wenyeviti wa LC1 waanze kuwaandika watu hawa sasa, kwa sababu wanawajua kwa majina. Kazi za kutandaza nyaya majumbani na kufunga sola wafundishwe kwanza mafundi wa jenereta. Mtu anayeweza kusuka koili hahitaji miaka mitatu darasani. Mpango wa Emyooga, ulioanza mwaka 2019, una nafasi ya makanika na waendesha boda boda, uongezewe hawa.

Na sisi wa mpakani tuna soko tayari. Ng'ambo ya pili, kuelekea Ariwara na Kaya, taa, betri na paneli za sola zinahitajika. Aliyezoea kubeba jerikani atabeba paneli, mradi maofisa wa forodha pale Vurra na Oraba wamwekee mchuuzi mdogo karatasi moja nyepesi na ada inayojulikana, asije akarudi kwenye njia za panya.