Kugonga Namba Upya Ni Kughushi

Katika soko la magari ya misuli ya Marekani kuna neno linalonikera kuliko kutu: kurejesha. Mtu ananunua Camaro ya 1969 ambayo injini yake ya kwanza ilipasuka zamani. Anatafuta bloku nyingine ya umri uleule, anaisaga uso, anagonga juu yake namba za gari lake, halafu anatuambia amelirejesha kama lilivyotoka kiwandani. Huko ni kughushi, na mimi sitatafuta neno la adabu zaidi.

Utetezi wao nimeusikia mara nyingi, nikiwa nimelala chali chini ya magari yao na tochi mdomoni. Kila kitu ni cha Chevrolet, wanasema, cha mwaka uleule. Namba ni tarakimu tu. Kama ni tarakimu tu, mbona mmezigonga? Mbona hamkuiacha bloku na namba ilizotoka nazo? Zimegongwa kwa sababu zinapandisha bei, na zinapandisha bei kwa sababu mnunuzi anaziamini kuwa ushahidi.

Na ushahidi wenyewe ni mchache. Chukua Chevelle SS ya 1970 yenye injini ya LS6, nguvu za farasi 450. Namba ya gari haisemi kama ni SS. Inasema tu ni Malibu ya silinda 8. Beji zinauzwa dukani. Kinachobaki ni karatasi ya kiwandani, ambayo wakati mwingine hukutwa juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za kiti, nusu imeliwa na panya, pamoja na kile kipande bapa cha chuma mbele ya injini. Mashine ya kiwandani iliacha pale mistari myembamba sambamba. Ukikuta uso laini kama kioo, kuna mtu alishapita. Kisha soma tarehe bloku ilipomiminwa kwenye kalibu: A ni Januari, B ni Februari. Bloku iliyozaliwa baada ya gari lake haihitaji mtaalamu. (Waghushi hodari hawakosei hapo. Wabovu hukosea, Mungu awazidishie.)

Mwenye Pontiac, au Ford ya kuanzia 1967, ana nafuu: kumbukumbu za uzalishaji zimehifadhiwa, na anaweza kuagiza nakala. Chevrolet nyingi zilizouzwa Marekani hazina bahati hiyo. Ndiyo maana kile kipande cha chuma kikichezewa, hakuna pengine pa kuuliza.

Tazama Camaro ZL1. Mwaka 1969 yaliundwa 69 tu. Injini ya alumini iliongeza zaidi ya dola 4,000 kwenye bei, na Fred Gibb, muuzaji wa Illinois aliyeagiza 50, alishindwa kuyauza. Mengi yakarudishwa Chevrolet. Magari ya aina hii yalinunuliwa ili yashindane, na injini zilipasuka. Gari lenye injini ya pili, ambalo mwenyewe anakiri ni ya pili, bado linabeba maisha hayo. Lililogongwa upya limefutiwa.

Maonyesho mengine hutoa alama kwa namba inayofanana na ya kiwandani, bila kuuliza iligongwa na nani. Alama hizo zifutwe. Na katalogi za minada ziandike waziwazi: injini imegongwa upya. Muuzaji aweke picha ya chuma kile kabla na baada, kama anavyoweka picha za rangi na viti.