UCHAMBUZI: Mzee anayeweweseka wodini apimwe, asipuuzwe

MZEE anapolazwa hospitalini akiwa na akili timamu, kisha siku ya pili akaanza kuwaita waliokwisha kufa au kung'oa mpira wa dripu, jamaa zake huwa na majibu matatu: ni uzee, malaria imepanda kichwani, au amerogwa.

Majibu hayo husikika Kitale na Bungoma sawa na kwingineko nchini, na kasoro yake ni moja: humwacha mgonjwa bila kuchunguzwa. Hata lile la malaria, ambalo huenda likawa kweli, aghalabu hutolewa kabla ya damu kupimwa.

Madaktari huiita hali hiyo deliriamu. Ni kuvurugika kwa akili kunakoanza ghafla, kwa muda wa saa au siku chache, na ambako hupanda na kushuka. Hapo ndipo inapotofautiana na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao hunyemelea kwa miezi na miaka.

Deliriamu ni moshi. Moto uko kwingine. Huenda ni homa ya mapafu, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka, maumivu, kufunga choo au dawa alizopewa mgonjwa mwenyewe. Anayetibu kelele kwa dawa ya usingizi bila kutafuta chanzo huweza kuzidisha madhara.

Isitoshe, si kila mgonjwa wa deliriamu hupiga kelele. Wengi hunyamaza, wakalala kutwa na kukataa chakula. Hao ndio walio hatarini zaidi ya kusahaulika, kwani katika wodi iliyojaa, mgonjwa mtulivu huhesabiwa kuwa anaendelea vyema.

Tatizo hili si la Wazungu pekee. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, miongoni mwa wagonjwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ulibaini kuwa karibu mmoja kati ya watano alikuwa na deliriamu.

Kuipima hakuhitaji mashine. Kipimo kiitwacho 4AT, kilichobuniwa Edinburgh, Uskoti, huchukua takriban dakika mbili. Muuguzi hutazama iwapo mgonjwa yu macho sawasawa; humuuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka uliopo; humtaka ataje miezi kinyumenyume; kisha huuliza kama kuna badiliko la ghafla. Alama ni 12, na anayepata 4 au zaidi huchunguzwa kwa kina.

Wapo watakaodai kuwa maswali hayo yanawafaa waliosoma tu. Hoja hiyo ina uzito. Wazee wengi wa Trans Nzoia na Bungoma hawakuandikiwa siku waliyozaliwa, wala hawakukariri miezi darasani.

Hata hivyo, tazama jinsi alama zinavyogawanywa. Maswali ya kumbukumbu hayazidi alama 2, na ya miezi vivyo hivyo. Kutokuwa macho sawasawa huleta 4, na badiliko la ghafla 4. Sehemu mbili zenye uzito mkubwa hazihitaji shule hata kidogo.

Aidha, maswali yanaweza kupatanishwa na mazingira. Mzee wa Kibukusu asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa analijua rika lake, liwe Banyange au Bamaina. Watafiti walikwisha kuonyesha njia wilayani Hai, Tanzania, walikotayarisha kipimo cha akili kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee wasiosoma. Muhimu ni maswali mbadala yajaribiwe kwanza kabla ya kutegemewa.

Na ni nani ajuaye kwamba mzee amebadilika ghafla? Si daktari anayemwona kwa mara ya kwanza, bali binti, mke au mjukuu aliyekuja naye. Kitale ni mji wa lugha nyingi, na Msabaoti au Mpokot asiyeelewa Kiswahili vyema hawezi kupimwa kwa haki bila jamaa kando yake. Kumfukuza mlinzi huyo eti saa za kutazama wagonjwa zimekwisha ni kutupa kipimo bora zaidi kilichopo.

Wauguzi nao watauliza: tukishajua, tutafanya nini, ilhali tumelemewa na kazi? Jibu lilitolewa Marekani mwaka wa 1999, katika utafiti wa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi. Walipewa maji, wakatembezwa, wakavishwa miwani yao, wakaachwa walale usiku na kukumbushwa walipo. Waliopata deliriamu walikuwa asilimia 9.9, ikilinganishwa na asilimia 15 ya waliohudumiwa kwa kawaida. Mengi ya hayo jamaa anaweza kuyafanya akielekezwa.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia na serikali. Tangu 2013, hospitali hizi zimo mikononi mwa kaunti. Wakuu wa afya mjini Kitale na Bungoma hawahitaji kusubiri Nairobi ili kuongeza ukurasa mmoja katika faili ya kila mgonjwa aliyetimu miaka 60.

Dakika mbili si nyingi. Kwa mzee aliyenyamaza kitandani huku maambukizi yakimla ndani kwa ndani, huenda zikawa ndizo zitakazomrudisha nyumbani.