Metcalf Amekuja, Je, Nani Atamrushia?

Wana, naomba niwatoe kidogo kwenye ubishi wa Simba na Yanga. Humu chuoni tupo wachache tunaokesha kwa mpira mwingine kabisa, ule wa Kimarekani wenye umbo la yai. Timu yangu ni Pittsburgh Steelers. Mechi zao za mchana huku tunaziona saa 2 usiku, hizo afadhali. Zile za usiku wao zinaanza saa 9 na dakika 20 alfajiri yetu, na Jumatatu asubuhi nina kipindi. Mwenzangu wa chumbani huamka, anachungulia simu yangu, anauliza, "Kaka, huo mpira au mieleka?" Kisha anajifunika shuka.

Machi 9, 2025 sikulala kwa furaha. Steelers wamemchukua DK Metcalf kutoka Seattle Seahawks. Kule hakuna ada ya uhamisho kama huku kwetu. Timu zinabadilishana wachezaji na nafasi za kuchagua chipukizi wanaotoka vyuoni. Seattle wamepata nafasi yetu ya raundi ya pili, namba 52, na Metcalf akapewa mkataba mpya wa miaka minne wa dola milioni 132.

Huyu ni mpokeaji wa pembeni. Kazi yake ni kuwaacha mabeki na kudaka pasi. Ana urefu wa futi 6 na inchi 4, na mwaka 2019 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.33. Mwaka 2020 alidaka pasi za jumla ya yadi 1,303.

Lakini kilichonifanya nimpende si kudaka. Oktoba 2020, Budda Baker wa Arizona aliinasa pasi ya Seattle karibu kabisa na mstari wao, akatimka peke yake kuelekea upande wa pili. Kila mtu aliona limeisha. Metcalf akamfukuza karibu uwanja mzima, akamwangusha yadi chache kabla ya kufunga, na Arizona wakatoka mikono mitupu kwenye shambulizi lile. Mtu anayekimbia hivyo kwa kosa lisilo lake, huyo namtaka kwangu.

Najua mtasema ana hasira, na kweli ameshapewa adhabu za utovu wa nidhamu. Hilo nilimwachia Mike Tomlin, aliyekuwa kocha wakati huo. Tangu alipoanza kuifundisha timu mwaka 2007 hakuwahi kumaliza msimu akiwa amefungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda.

Hofu yangu ilikuwa kwingine. Mpokeaji hajirushii mpira. Wakati huo Justin Fields alikuwa ameondoka, Russell Wilson ameondoka, na kotabeki wa kueleweka tulikuwa bado hatujampata. Mason Rudolph alikuwa amerudi, namheshimu, lakini hukununua jiko la milioni 132 ili uchemshie chai. Msimu wa 2024 tulianza kwa kushinda 10 na kufungwa 3, kisha tukapoteza mechi nne mfululizo, halafu Ravens wakatutoa kwenye mtoano kwa 28 kwa 14. Mechi ya mwisho kushinda kwenye mtoano ilikuwa Januari 2017. Wakati huo mimi nilikuwa bado sekondari!

Sisi mashabiki tuna ugonjwa mmoja, wa Msimbazi, wa Jangwani na wa Pittsburgh sawasawa: usajili mmoja tu, tayari tunaagiza jezi na kuhesabu makombe. Mwaka 2025 nilijizuia. Sikuomba Super Bowl ya saba. Niliomba viongozi wamtafutie mtu wa kumrushia, na wamwekee ukuta wa kumlinda huyo mrushaji. Halafu nipewe ushindi mmoja tu wa mtoano.

Usiku huo nitamwamsha mwenzangu kwa nguvu, ajue kama ni mpira au mieleka.