Bima ya afya bila dawa ni karatasi tu

Vijana wa Tchomia, wa Bunia, wa Ituri yote,

Leta inatuambia kama matunzo ya afya kwa wote inakuja. Ni vizuri. Lakini tuna swali moja kwa Kinshasa na kwa Bunia: dawa iko ndani ao haiko ndani?

Tunauliza juu tunajua vile mambo inaendaga kwetu. Mugonjwa analipa fishi, munganga anamupima, anamupatia ordonansi. Hapo njo shida inaanza. Fishi ni ya siku moja, lakini mwenye sukari ao presha anahitaji dawa kila siku, maisha yote. Pesa ikikosa, ananunua vidonge vya wiki moja, kisha anaacha. Ao anauza wavu wake, ule ule wenye unamulisha. Mutuele yenye inalipa fishi na kitanda, halafu inaachia familia ordonansi, imebeba mzigo mdogo na kuacha ule mkubwa.

Sheria haiko adui yetu hapa. Katiba ya 2006, kipengele cha 47, inahakikisha haki ya afya. Na Kanuni ya kazi ya 2002 inalazimisha mwajiri kulipia mfanyakazi na familia yake matunzo, hospitali na dawa. Basi Leta yenyewe inajua tangu zaidi ya miaka 20 kama matunzo bila dawa haijatimia. Lakini kwetu nani ana mwajiri? Muvuvi wa Ziwa Albert hana. Mama mwenye kuuza samaki sokoni hana. Na sisi wenye diploma za iniversite, tunazunguka na barua za kuomba kazi, hatuna. Mwenye kazi, dawa iko ndani. Asiye na kazi ajipange mwenyewe!

Sheria ya afya ya umma ya 2018 ndiyo ilipaswa kuziba tundu hilo. Septemba 2023 Rais alizindua mpango, ukaanzia Kinshasa, kwa wamama wenye kujifungua na watoto wachanga. Hatuudharau. Lakini muvuvi mwenye bilharzia, ugonjwa wa maji yetu haya, haendi kujifungua. Praziquantel ya bure inakujaga kwa kampeni, zaidi kwa watoto wa shule. Baba mwenye anaingia majini kila usiku anabaki nje.

Wasituambie haiwezekani. Ebola ilipofika Tchomia, Septemba 2018, chanjo na matunzo vilikuwa bure, na vilitufikia hata kama vita ilikuwa bado. Dunia iliogopa, njo maana. Presha na sukari haziogopeshi mtu wa mbali, lakini zinatuzika.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila mutuele na kila mpango wa Leta uandike orodha ya dawa zenye inalipa, kwa Kiswahili, na ibandikwe ukutani katika kila kituo cha afya.

2. CADIMEBU, ghala la dawa muhimu la Bunia, ipewe njia ya kujaza farmasi za hospitali na vituo vyetu. Bima kulipia dawa yenye haiko kwenye rafu haisaidii mtu.

3. Asiye na mapato alipiwe mchango na Leta, kupitia Mfuko wa Mshikamano wa Afya. Wavuvi na wamama wa soko walipe kufuatana na kipato chao.

4. Wadepite wetu wa taifa waulize kwenye bajeti: ile ahadi ya marais wa Afrika kule Abuja, 2001, ya kutoa 15% kwa afya, imefika wapi?

Na wewe kijana, usingoje. Kabla mama yako atoe mchango kwa mutuele yoyote, muende pamoja, muulize: dawa iko ndani? Mukiambiwa iko, muombe kwa maandishi. Mukiambiwa haiko, muwaulize mbele ya watu wote: basi hiyo ni bima ya nini?

Vijana raia wa Tchomia