Noti Isiyopimwa

Malori mazito yatumiayo njia kuu ya Mombasa na Nairobi hupimwa Mariakani. Uzito ukizidi, maneno matamu ya dereva hayamfai kitu. Lakini hatua chache kutoka kwenye mizani hiyo, noti ya shilingi 1,000 hupita katika mikono ya watu kumi pasipo mmoja kuiinua kwenye mwanga.

Husemwa kwamba kuikagua noti mbele ya mwenyewe ni kumvunjia heshima. La hasha! Mwenye mbuzi hakasiriki mnunuzi akimfunua mnyama mdomo na kutazama meno. Basi kwa nini noti ionewe haya ambayo mbuzi haonewi?

Wala kazi yenyewe si ngumu. Bandia zina sura nyingi, hazijifunziki zote. Ya kweli ndiyo ya kujua. Ipapase, usikie uchapaji ulioinuka. Iinue, uone kivuli cha kichwa cha simba, thamani ya noti, na herufi CBK. Igeuzegeuze, na uzi wake utabadili rangi. Usitosheke na alama moja: noti mpya zilizotolewa mwaka 2019 zina uzi wa namna moja, na zile zilizoanza kutolewa Agosti 2024 zina uzi mwingine na sahihi nyingine, nazo zote ni halali. Aliyekariri uzi tu huweza kukataa fedha ya haki.

Lakini mghushi simwogopi kama ninavyomwogopa jirani yangu. Mghushi hutafutwa na polisi. Jirani amepewa noti mbovu mchana, ameitambua, ameikunja vizuri, na sasa angoja giza akampe mgema wa mnazi, ambaye macho yake yamechoka. Ukimuuliza atajibu, "Nami nilipewa." Ndiyo kusema aliyeibiwa baiskeli ana ruhusa ya kuiba ya mwenziwe? Sheria haimkubalii: atoaye noti akijua kuwa ni bandia ametenda kosa la jinai, hata kama hakuichapa yeye.

Sikatai kwamba kusema kweli kuna hasara. Benki haimlipi fidia aliyeleta noti ya bandia. Atarudi nyumbani mikono mitupu, na shilingi 1,000 si kitu kidogo kwa muuza maziwa. Hata hivyo, noti ile imekufa pale pale. Ikienda kwa mgema haifi. Kesho itakuwa mkononi mwa mtoto aliyetumwa unga dukani, naye atarudi bila unga, apigwe kwa uzembe, hali yuko mtu mzima aliyeijua noti ile tangu jana.