Huber na Hoover: Jina Lililohama Bila Kupotea

Asiyejua maana haambiwi maana, walinena wahenga, na katika taaluma ya majina methali hii ina uzito wa pekee. Jina la ukoo huonekana kuwa kitu kidogo: neno moja linalokaa nyuma ya jina la ubatizo, likaandikwa kwenye hati, likarithiwa na mtoto, na hatimaye likachongwa juu ya kaburi. Hata hivyo, ndani ya neno hilo mna kazi ya babu, kipimo cha shamba lake, lafudhi ya kijiji chake na bahari aliyoivuka. Makala haya yanalichunguza jina moja la Kijerumani, Huber, ambalo nchini Marekani linajulikana zaidi kwa umbo la Hoover. Nia ni kulipinga dai ambalo limerudiwa mno hata likashika nafasi ya ukweli, kwamba wahamiaji wa Kijerumani walinyang'anywa majina yao na makarani wa Kiingereza.

Maana kwanza. Kusini mwa nchi zinazozungumza Kijerumani, Hube kilikuwa kipimo cha ardhi iliyotosha kuilisha jamaa moja ya wakulima. Kaskazini neno hilo hutamkwa Hufe. Ukubwa wake ulitofautiana baina ya eneo na eneo, na katika sehemu za Bavaria Hube ilihesabiwa kuwa nusu ya shamba kamili. Aliyeishika Hube aliitwa Huber. Hakuwa kabaila, kwa maana mara nyingi ardhi yenyewe ilimilikiwa na mtawala au na monasteri, naye alilipa kodi kwa nafaka na kwa jasho. Lakini hakuwa kibarua pia. Alikuwa mkulima aliyejitosheleza, na jina lake lilitangaza hilo kijijini kote. Ndivyo yalivyoundwa majina mengi ya Wajerumani kuanzia karne ya 12 na kuendelea, kwa kufuata kazi, mahali, umbile au hali ya mtu. Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kumtaja Johannes Rebmann, mmisionari aliyeishi Rabai tangu mwaka 1846, bila kufikiri kwamba jina lake lamaanisha mtu wa mizabibu, na kwamba kwao Gerlingen ni katika nchi ya mashamba ya zabibu.

Kwa kuwa Hube zilikuwa maelfu, akina Huber nao walizuka mahali pengi, pasipo kujuana wala kuchangia damu. Hadi leo jina hili ni miongoni mwa majina yaliyoenea zaidi kusini mwa Ujerumani, Austria na Uswisi. Anayemtafuta Huber wa kwanza, baba wa wote, anatafuta asichoweza kukipata. Kosa hilo hufanywa pia kuhusu umbo la Kimarekani. Herbert Hoover aliyekuwa rais na J. Edgar Hoover aliyeiongoza idara ya upelelezi hadi mwaka 1972 hawakuwa ndugu.

Wa kufuatwa hapa ni Andreas Huber, mzaliwa wa Ellerstadt katika nchi ya Pfalz, magharibi mwa mto Rhine. Mnamo mwaka 1738, akiwa kijana wa miaka 15 hivi, alifika Pennsylvania. Sababu za watu wa Pfalz kuondoka zinajulikana. Majeshi ya Ufaransa yaliiteketeza miji yao, Heidelberg, Mannheim, Speyer na Worms, katika vita vilivyoanza mwaka 1688. Kipupwe cha mwaka 1709 kiliua mizabibu na mifugo, na mwaka huo huo watu wapatao 13,000 wakafurika London wakiomba kupelekwa ng'ambo. Lakini sababu iliyo kimya zaidi ndiyo inayolihusu jina hili moja kwa moja. Katika Pfalz ilikuwa desturi shamba kugawanywa baina ya watoto wote. Kila kizazi kilipopita, vipande vikazidi kuwa vyembamba, hata mtu akaweza kuitwa mwenye Hube ilhali hana Hube. Jina lilibaki likishuhudia utosherevu ambao haukuwapo tena. Kwa hiyo walishuka na mto Rhine, wakitozwa ushuru kwenye vizuizi vingi vya njiani, hadi Rotterdam, na kutoka huko wakapanda merikebu za kwenda Philadelphia. Wengi wasio na nauli waliikopa, na walipofika wakaifidia kwa miaka ya utumishi chini ya yeyote aliyewalipia.

Ni hapa bandarini ambapo karani anayelaumiwa anaingia. Kuanzia mwaka 1727 serikali ya Pennsylvania iliwataka wanaume wageni kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza, na orodha zao zikahifadhiwa. Nahodha alitoa orodha yake, majina yakiwa yameandikwa kwa kufuata sikio la Mwingereza. Kisha wahamiaji wenyewe walitia sahihi kwenye karatasi za viapo, wengi kwa mwandiko wa Kijerumani, na wasiojua kuandika wakachora alama, naye karani akawaandikia. Basi mtu yule yule huweza kuonekana siku moja kwa tahajia mbili au tatu. Je, ipi ilimfunga? Hakuna. Hapakuwa na kitambulisho, wala sheria ya Kiingereza haikumlazimisha mtu kuandika jina lake namna moja; jina lilikuwa lile ambalo watu walimwita nalo. Tahajia ilikuja kutulia polepole, katika hati za mashamba, vitabu vya kanisa na vinywa vya majirani. (Wale wanaopenda kukitaja kisiwa cha Ellis kuwa machinjio ya majina wakumbuke kwamba kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1892, na kwamba wakaguzi wake walisoma majina kutoka orodha zilizokwisha kuandaliwa na kampuni za meli.)

Andreas Huber akawa Andrew Hoover. Kwa anayetazama herufi tu, huu ni msiba: u imeondoka, b imeondoka. Kwa anayesikiliza, mambo ni kinyume. Msomaji wa Kiingereza akiliona neno Huber hulitamka kwa mwanzo wa "hyu", kama anavyolitamka jina Hubert. Ili irabu ya Kijerumani isalimike, yaani u ndefu iliyo safi, ilipasa iandikwe kwa oo. Na ile v je? Katika lahaja ya Pfalz, kipasuo b kinapokaa baina ya irabu hulegea na kukaribia v au w. Wanakijiji wa Ellerstadt hawakutamka Huber kama wasomi wa Kijerumani sanifu wanavyotamka leo. Walisema kitu kilicho karibu na Huver. Kwa ufupi, tahajia ya Hoover ni mwaminifu zaidi kwa kinywa cha Andreas kuliko tahajia ya Huber yenyewe. Herufi zilitolewa kafara ili sauti iishi.

Kwa wapenzi wa Kiswahili jambo hili halipaswi kuwa geni. Neno shule limetokana na Schule ya Wajerumani. Herufi tatu za mwanzo zimekuwa mbili, na hakuna anayelia kwamba neno limepotea. Hela, inayotumika hasa Tanzania kwa maana ya fedha, ni sarafu ya Heller iliyogawa rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1904, na Heller nayo ilipewa jina kwa mji wa Hall ulioifua zamani. Mchuuzi wa Dar es Salaam anapodai hela yake huutaja mji wa Ujerumani ambao pengine hajapata kuusikia.

Kuna namna nyingine ya kugeuza jina, na hiyo ndiyo inayostahili kuombolezwa. Chukua jina Schneider, yaani mshonaji. Baadhi ya wenye jina hilo walikuwa Snyder, sauti imebaki. Wengine walikuwa Taylor. Maana imebaki na sauti imezikwa. Schmidt akawa Smith, Zimmermann akawa Carpenter, Schwarz akawa Black. Mjukuu wa Taylor hana njia ya kusikia asili yake. Zipo tafsiri zilizofanywa kwa hiari na mapema. Nyingine zilitokana na hofu, na hofu hiyo ilifikia kilele baada ya Marekani kuingia vitani dhidi ya Ujerumani mwezi Aprili 1917. Huko Uingereza, Mfalme George wa Tano aliliacha jina la Saxe-Coburg-Gotha tarehe 17 Julai mwaka huo, ukoo wake ukaitwa Windsor. Akina Battenberg nao wakaipasua "berg", yaani mlima, wakaitafsiri na kuitanguliza, wakawa Mountbatten. Mjini Collinsville, jimbo la Illinois, mhamiaji wa Kijerumani Robert Prager aliuawa na kundi la watu mwezi Aprili 1918. Mwezi uliofuata gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni shuleni, kanisani, hadharani na hata katika simu.

Iowa hiyo hiyo ndiyo kwao Herbert Hoover, aliyezaliwa West Branch mwaka 1874. Ukoo wa Andreas ulikuwa umetoka Pennsylvania ukapitia Maryland hadi North Carolina. Huko kizazi chake kilikuwa miongoni mwa Marafiki, yaani Quaker, dhehebu linalojulikana vyema magharibi mwa Kenya tangu misheni ya Kaimosi ianzishwe mwaka 1902. Kutoka North Carolina waliendelea hadi Ohio, ambako utumwa ulikuwa umepigwa marufuku, kisha Iowa mnamo mwaka 1854. Mwaka 1917 Herbert alipewa usimamizi wa chakula cha taifa zima wakati wa vita. Akina mama waliohimizwa kubana matumizi ya ngano na nyama walipewa hata kitenzi kipya kilichoundwa kutokana na jina lake. Majina ya Kijerumani yalipokuwa yakifutwa vibaoni, jikoni watu walikuwa wakinyambua kitenzi kutokana na jina la mkulima wa Pfalz, wala hakuna aliyeshtuka. Katika mji wa New Berlin, Ohio, kiwanda cha jamaa nyingine ya akina Hoover kilitengeneza mashine za kufyonza vumbi, ambazo kwazo Waingereza nao walipata kitenzi. Mwaka 1918 mji ule ulibadilishwa jina ukawa North Canton. Jina la kiwanda halikuguswa.

Wapo watakaosema kwamba usalama huo ndio ushahidi wa usaliti, kwamba Hoover alinusurika kwa kuwa amevaa ngozi ya Kiingereza. Hoja hiyo inapindua wakati. Umbo la Hoover lilikuwa limekaa zaidi ya karne moja kabla ya risasi ya kwanza kulia, katika Pennsylvania ambako Wajerumani walikaribia kuwa thuluthi ya wakazi na hawakuwa na haja ya kujificha. Aliyeandika oo alitaka aitwe sawasawa.

Gharama hata hivyo ilikuwapo. Sauti ilipookolewa, maana iliachwa ufukoni. Baada ya uchumi kuporomoka mwaka 1929, Hoover akiwa rais, maelfu ya Wamarekani waliopoteza kazi na makazi walijijengea vibanda vya mbao, mabati na maboksi pembezoni mwa miji, na kwa kejeli wakaviita vijiji vya Hoover. Jina lililokuwa kipimo cha ardhi ya kuitosha jamaa moja liliwekwa juu ya watu wasio na ardhi yoyote, na katika wote waliolitamka kwa uchungu, wachache mno wangeweza kuisikia Hube iliyomo ndani yake. Kijiji kikubwa cha namna hiyo mjini Seattle kilidumu tangu mwaka 1931 hadi 1941, ambapo vibanda vyake vilichomwa moto na wakuu wa mji.