Umbali wa Angani na Hesabu za Darasani

Somo la umbali, mwendo na wakati hufundishwa aghalabu kwa kanuni moja: gawanya umbali kwa mwendo, upate wakati. Kanuni hiyo ni sahihi. Lakini mwalimu anayeiandika ubaoni na kutoa mazoezi kumi huwa amefundisha kugawanya tu; safari hajaifundisha. Kwa maoni yangu, safari ya ndege ni mfano bora wa somo hili, hata kwa watoto ambao hawajapanda ndege kamwe, mradi mwalimu aanzie nyumbani.

Mwalimu wa Nachingwea na aanze na Ruangwa. Katika ramani ambayo sentimita 1 ni kilomita 50, miji hii imeachana kwa milimita 7 hivi, yaani yapata kilomita 35. Waliowahi kusafiri kwa basi watapinga mara moja, maana barabara hupinda. Pingamizi hilo ndilo mlango wa somo: rula hupima njia ya ndege, wala si njia ya basi.

Kisha darasa liende mbali. Nachingwea ina uwanja wa ndege, na ndege zilitua huko tangu enzi za mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni, uliositishwa mwaka 1951. Kutoka hapo hadi uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, rula huonyesha karibu sentimita 7.8, yaani kilomita 390; kwa barabara ni zaidi ya 500. Tuseme ndege ndogo yaenda kilomita 300 kwa saa. Jibu ni saa 1.3, na hapa ndipo wengi hujikwaa, wakaandika saa 1 na dakika 30. Saa haikugawanywa kwa kumi bali kwa sitini: sehemu tatu za kumi za saa ni dakika 18.

Ndege hiyo ikiondoka saa 3:00 asubuhi, itafika saa 4:18. Lakini tiketi huandikwa 09:00. Asiyefundishwa kuoanisha saa zetu na saa za ratiba aweza kufika uwanjani saa tisa alasiri, ndege ikiwa imeondoka saa sita kabla.

Wapo watakaosema kwamba vipindi ni vichache na mtihani hauulizi hayo. Ni kweli kwamba vipindi havitoshi. Hata hivyo, rula, ramani na maswali mawili huchukua kipindi kimoja, na mtoto aliyepima mwenyewe hahitaji kukaririshwa kanuni mara kumi.

Basi, ndugu mwalimu mwanafunzi, utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, usikubali jibu kabla hujauliza: je, safari hii yawezekana? Mtoto akizoea kujiuliza hivyo, atayagundua mwenyewe makosa yake, hata siku ambayo mwalimu hayupo.